Sufuria la Umeme, Friza ya Mbege, na Waya wa Tatu

(Maneno ya hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa. Yanachapishwa kwa ombi la waliohudhuria.)



Nilipoombwa kuzungumza leo niliambiwa nichague jambo lolote litakalowafaa vijana. Wenzangu waliotangulia miaka iliyopita walizungumza juu ya uongozi, uchumi na maadili. Mimi nilimwandikia Mwalimu Mkuu kwamba nitazungumza juu ya sufuria la kupikia mbege kwa umeme na friza ya kuihifadhia. Simu ilikaa kimya kwa siku mbili. Siku ya tatu akanipigia, akasema, "Ndugu yangu, hapa ni shule." Nikamjibu kwamba ndiyo maana hasa nataka kulizungumza hapa. Namshukuru kwa kuniamini, na nitajitahidi asijute.

Kwanza nianze na kosa letu la zamani. Wenzangu wa bweni wanakumbuka jinsi tulivyokuwa tukichemsha maji ya chai usiku. Tulichukua nyembe mbili, tukazitenganisha kwa njiti za kiberiti, tukazifunga kwa uzi, kila wembe na waya wake, kisha tukachomeka ncha za waya kwenye soketi na kutumbukiza nyembe ndani ya kopo. Maji yalichemka haraka mno, na taa za bweni zikafifia kidogo. Tulijiona wanasayansi. Hakuna aliyetueleza kwamba katika kifaa kile umeme hupita ndani ya maji yenyewe, na kwamba kopo la bati lililokuwa juu ya sakafu ya saruji yenye unyevu lingeweza kumuua yeyote aliyelishika. Naona huko nyuma baadhi yenu mnatazamana. Basi, nyembe bado zipo. Nitarudi kwenu mwishoni.

Mimi si mhandisi. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mafaili. Lakini nimezaliwa katika nyumba ya mbege. Mama yangu alipika mbege ya kuuza kilabuni tangu kabla sijazaliwa, na ada yangu ya shule hii ilitoka kwenye pipa lake. Kwa wale wasiotoka Kilimanjaro nieleze kwa kifupi. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka rangi yake igeuke kuwa nyekundu ya udongo. Huachwa zichachuke siku kadhaa, kisha huchujwa. Upande mwingine hupikwa uji wa kimea cha ulezi, na kuwekwa ganda la mti wa msesewe ili kuleta uchungu. Maji ya ndizi na uji uliopoa huchanganywa, na baada ya usiku mmoja mbege iko tayari. Kesho yake bado ni nzuri. Kesho kutwa imekuwa kali na chachu, na mnunuzi anakunja uso.

Katika kazi hiyo yote, kuchemsha ndizi ndiko kunakokula kuni na macho ya mpishi. Mama alikaa mbele ya mafiga matatu, pipa limejaa, moshi umejaa jiko, kuanzia alfajiri hadi jua la utosi. Sasa yuko katika miaka ya sabini. Hapiki tena ya kuuza kila juma, lakini harusi, msiba au Krismasi ya ukoo haipiti bila pipa lake. Miaka michache iliyopita daktari wa macho alimwambia aachane na moshi. Akatuambia sisi watoto wake kwamba amemsikia daktari, na Jumamosi iliyofuata akawasha moto. Hapo ndipo nilipoamua kwamba kama mama haachi pipa, basi moto ndio uondoke.

Kabla ya kununua kitu nilifanya hesabu, na nawaomba vijana muifuate kwa sababu ni ya kidato chenu. Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili joto lake lipande kwa digrii moja. Lita 40 kutoka digrii 20 hadi 95 ni 40 mara 4.2 mara 75, yaani kilojuli 12,600. Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo kuchemsha pipa zima ni uniti 3 na nusu. Ukiongeza joto linalopotea na umeme wa kuendelea kutokota, andika uniti 6 au 7. Kila mmoja aizidishe kwa bei ya uniti kwao, kisha ailinganishe na mzigo wa kuni. Mimi nilipolinganisha niliona aibu kwa miaka yote ambayo sikufanya hesabu hiyo.

Tena, vijana, msidhani kwamba pombe na fizikia havijuani. James Prescott Joule, ambaye jina lake mmelisikia sasa hivi katika hiyo kilojuli, alizaliwa Salford, Uingereza, mwaka 1818, na baba yake alikuwa na kiwanda cha bia. Yeye mwenyewe alifanya kazi kiwandani humo huku akifanya majaribio yake. Ni yeye aliyeonyesha, katika maandishi ya mwaka 1841, kwamba joto linalotolewa na waya hulingana na mraba wa mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Vivyo hivyo upande wa baridi: miaka ya 1870 profesa Mjerumani Carl von Linde alijaribu mashine zake za kutengeneza baridi katika kiwanda cha bia cha Spaten mjini Munich, kwa kuwa wapika bia wa huko walichoka kukata barafu maziwani wakati wa kipupwe na kuilimbikiza kwenye maghala. Kwa hiyo sufuria langu na friza yangu vyote viwili vina ukoo na pombe.

Sasa chombo chenyewe. Nilinunua sufuria la stenlesi la lita 60. Sikutumia pipa la mabati, na nawasihi nanyi msilitumie: mabati yamepakwa zinki, na kitu chochote chenye uchachu huila zinki hiyo na kuiingiza kwenye kinywaji, nayo hudhuru tumbo. Fundi alitoboa tundu moja upande wa chini, tukafunga koili ya kuchemshia maji ya wati 3,000, yenye ganda la stenlesi, kwa nati na mpira wa kuzuia uvujaji. Tundu jingine ni la koki. Juu kidogo ya koili tuliweka sahani ya stenlesi iliyotobolewa matundu mengi, ndizi zikae juu yake zisiiguse koili. Jambo hilo ni la lazima. Koili huvumilia maji. Ndizi au uji ukiigusa huungua, na pipa zima hunuka moshi ule ule tuliokuwa tukiukimbia. Kwa sababu hiyo uji wa ulezi haupikwi humo hata leo. Mama huupika kwenye sufuria lake dogo, na mwiko wake mkononi.

Wati 3,000 kwa volti 230 ni ampea 13. Hicho ndicho kikomo cha soketi zetu za kawaida, na kufanya kazi kwenye kikomo kwa saa nyingi si busara. Hapa ndipo mraba wa Joule unapouma. Kama plagi imelegea na kiungo chake kina ukinzani wa omu 1 tu, basi 13 mara 13 mara 1 ni wati 169 za joto ndani ya plagi, kuliko balbu ya wati 100, zimefungiwa kwenye plastiki ukubwa wa kiganja. Ndiyo maana plagi huyeyuka. Tukamvutia sufuria waya wake wenyewe kutoka kwenye ubao wa umeme, wenye breka yake. Na themostati niliyonunua iliandikwa ampea 10, haifai kubeba 13. Kwa hiyo inaamrisha kontakta, na kontakta ndiyo inayokata na kuunga umeme wa koili.

Nilijiona nimemaliza. Sikuwa nimemaliza, na sasa nawasimulia makosa yangu mawili.

La kwanza lilinichekesha baadaye. Nilipeleka sufuria kijijini, ambako ni kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa saa 3 niliweka ndizi kidogo na maji lita 25 za majaribio, nikaiweka themostati ikate umeme kwenye digrii 98, nikaenda kulala kwa amani. Saa 8 usiku nikaamshwa na harufu. Maji yalikuwa yamekauka mpaka chini ya koili, koili nyekundu, ndizi mkaa. Niliilaumu themostati, nikamlaumu aliyeniuzia. Asubuhi mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniuliza kwa upole, "Mjomba, si maji huku mlimani huchemka kabla ya digrii mia?" Kweli tupu. Kwenye urefu ule maji huchemka karibu digrii 95, na yakishachemka hayapandi tena. Themostati yangu ilikuwa imekaa ikingoja digrii 98 ambazo zisingefika hata kwa mwaka, na wati 3,000 zilikuwa zikigeuza zaidi ya lita 4 za maji kuwa mvuke kila saa. Jambo hilo nilifundishwa katika darasa lile pale, upande wa pili wa mwembe. Nilijibu mtihani nikapata, kisha nikalisahau mpaka likaniunguzia koili. Siku hizi iko kwenye digrii 93, na kuna swichi ya boya inayokata umeme maji yakipungua.

Kosa la pili halinichekeshi, na miezi mingi sikulisimulia kwa mtu.

Ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi. Koili mpya imefungwa, ndugu wamefika, mama anapika kwa umeme mara ya tatu. Hakuna moshi. Tumekaa nje tunazungumza, na mimi napokea sifa. Mama akatoka jikoni akifuta mkono kwenye kitenge, akasema kama mtu anayetaja jambo dogo, "Baba, sufuria lako linauma."

Nikamwuliza, "Linauma vipi, mama?"

Akasema, "Nikiligusa, mkono unakufa ganzi. Jana pia. Nilidhani ni uzee."

Nilikimbia kwenye breka kabla hajamaliza kusema. Nilipopima nilikuta mwili wote wa sufuria una umeme. Ganda la koili lilikuwa na ufa mdogo usioonekana kwa macho. Hilo huweza kutokea kwa koili yoyote, hata ya bei kubwa. Kazi ya kuokoa maisha siku kama hiyo ni ya waya wa tatu, ule wa kijani na manjano ambao mafundi huuita "ethi". Huo ungeuchukua umeme uliovuja na kuupeleka ardhini, na breka ingeweza kukata. Mimi niliufunga waya wa tatu kwenye sufuria vizuri sana. Lakini kwenye ubao wa umeme wa nyumba ya mama waya huo haukuwa umeunganishwa na kitu. Nyumba ilifungwa umeme zamani, na ile fimbo ya shaba ya kuzikwa ardhini haikuwahi kuzikwa. Nilifunga waya unaokwenda mahali popote pale ila ardhini. Sikupima. Nilimwamini aliyefunga nyumba, na yeye labda alimwamini mwingine.

Mama alipona kwa sababu alikuwa amevaa viatu vya raba na sakafu ilikuwa kavu. Hakuna sababu nyingine. Mpishi wa mbege humwaga maji sakafuni mara kumi kwa siku, na mara nyingi huvua viatu. Mkondo wa ampea 13 huchemsha pipa. Wa sehemu 30 tu za elfu ya ampea, ukipita kifuani, unaweza kutosha kuua mtu. Mama alinisomesha kwa pipa la moshi hadi chuo kikuu, na shukrani niliyomletea ilikuwa pipa la umeme lililokaribia kumwua mbele ya wajukuu wake. Usiku ule sikulala. Yeye alilala, na asubuhi akaniuliza kama sufuria limepona.

Tulizika fimbo ya shaba, tukaunganisha nyumba nzima, na tukaweka ile swichi inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ambayo hukata ukivuja kiasi cha sehemu 30 za elfu ya ampea. Ina kitufe cha majaribio. Mama hukibonyeza kila mara kabla ya kupika. Huona kama desturi nyingine ya mbege, kama kuonja kwa kata.

Friza nitaipitia kwa haraka. Tulinunua friza ya zamani ya kulala, mlango juu. Themostati ya nje inaizuia isigandishe: inaizima kwenye digrii 4 na kuiwasha tena kwenye 6, kwa kungoja dakika chache ili kompresa isiwashwe wakati gesi yake ingali na shinikizo. Nilitaka kutoboa ubavu nipitishe bomba. Fundi wa majokofu akanishika mkono. Katika friza nyingi za namna hiyo mabomba ya gesi yamezungushwa ndani ya kuta zenyewe. Toboa moja tu, friza imekufa. Badala yake tulitengeneza fremu ya mbao kati ya sanduku na mfuniko, na koki zimefungwa kwenye mbao. Baridi haiui hamira ya mbege, huipunguza mwendo tu. Kwetu imetuongezea kama siku tatu, na kwa mwenye harusi ya ukoo siku tatu ni nyingi.

Lakini angalieni: kinywaji kilicho hai hakifungwi kabisa. Gramu 180 za sukari ya glukosi zikichachuka zote hutoa gesi ya kaboni dioksidi kiasi cha lita 48 hivi. Iweke gesi hiyo kwenye pipa lililokazwa, halafu umeme ukatike na friza ipate joto, na una bomu jikoni. Kila pipa letu lina tundu la kupumulia lenye mpira unaoishia kwenye chupa ya maji. Na mfuniko wa friza ukifunguliwa, acha kwanza gesi itoke kabla ya kuinamisha kichwa ndani.

Vijana, sikuja kuwafundisha kunywa. Ninyi bado ni wanafunzi, na pombe si yenu. Sisi wakubwa tulio hapa tunawafahamu wenzetu waliokuwa na akili kuliko sisi, ambao leo hawapo kwenye viti hivi kwa sababu ya chupa, na sina haja ya kuwataja. Anayeuza pombe atafute leseni, kama inavyodai Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Na asiwepo wa kuniomba mchoro wa sufuria hili apikie gongo. Hiyo ina sheria yake ya mwaka 1966, na mimi sitatoa mchoro. Sufuria hili linachemsha maji ya hospitali na maji ya chai ya shule kwa hesabu ile ile.

Na hapo narudi kwenye nyembe. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ifungamane na maisha ya watu. Sisi tulilikariri kwa ajili ya mtihani. Mimi limenifikia jikoni kwa mama, miaka mingi baada ya cheti, kwa njia ya sufuria linalouma. Nisingependa liwafikie ninyi kwa njia hiyo bwenini.

Ndugu Mwenyekiti, natoa mapendekezo mawili, na naomba yaandikwe. La kwanza, chama chetu kigharimie kupimwa kwa waya wa ardhi katika kila bweni, jiko na maabara ya shule hii, na kufungwa swichi za usalama pale zinapokosekana. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni, na wanafunzi wa fizikia wasimame pembeni na daftari. La pili, liwekwe tangi moja la maji ya moto karibu na bwalo, lifanye kazi saa za usiku wa kujisomea. Kijana anayesoma hadi saa 5 usiku katika baridi ya hapa atataka chai, na sisi wote tunajua ataipata kwa njia gani akinyimwa. Kwa kuanzia, mimi nitatoa koili, kontakta na siku zangu mbili za likizo.

Mama amenituma salamu kwenu. Nilimwambia nitakwenda kuzungumza shuleni juu ya sufuria lake. Akauliza kama nitawaambia kwamba liliuma. Nikasema nitawaambia. Akasema, "Basi waambie na vijana, wakiona kitu kinauma waseme siku ile ile, wasidhani ni uzee."